Nyumba imeingia maji, nijiandae na shilingi ngapi? Maswali ya wenye nyumba wa Arusha na Moshi

Maswali haya yanatujia kwa wingi kati ya Machi na Mei, na tena vuli inapochanganya. Bei zilizomo ni makadirio yetu kwa kazi za kawaida mjini. Duka lako la vifaa au fundi wako anaweza kupishana nazo, ndiyo maana tumeanika na hesabu yenyewe, uweke namba zako.

Chumba kimoja cha kawaida kinakula kiasi gani?

Kama maji yalifika chini ya goti, yakakaa saa chache, na kuta ni za bloku zenye lipu ya saruji, jiandae na kati ya laki tatu na nusu na laki tano kwa chumba. Hapo hujanunua godoro wala kabati. Kama ni dari tu iliyolowa kona moja, laki moja na nusu inaweza kutosha. Kama ni majitaka, au maji yamelala ndani siku mbili, usitumie makadirio haya kabisa.

Hizo laki tatu na nusu hadi tano zinatoka wapi? Naona mnataja tu.

Haki yako kuuliza. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3.5. Ukikizunguka ni mita 15. Maji yalifika sentimita 30, lakini lipu huyanyonya na kuyapandisha, kwa hiyo tunabomoa lipu hadi usawa wa mita moja. Ukitoa mlango unabaki na mita za mraba 14 hivi.

Lipu ya milimita 15 kwa eneo hilo, saruji moja kwa mchanga nne, inataka mifuko miwili ya kilo 50 na toroli nne au tano za mchanga. Saruji kwa 18,000 mfuko ni 36,000. Mchanga pamoja na kuufikisha, 20,000. Vibarua wawili wa kubomoa na kuzoa kifusi, siku moja kwa 15,000 kila mmoja, ni 30,000. Fundi lipu siku mbili kwa 30,000 na msaidizi wake kwa 15,000, jumla 90,000. Mpaka hapo ni 176,000.

Kisha rangi. Huwezi kupaka nusu ya chini peke yake, itaonekana kama sketi. Kuta nzima ni kama mita za mraba 40. Lita moja ya rangi ya maji inafunika mita 8 hadi 10 kwa mkono mmoja, na wewe unataka mikono miwili, basi ni lita 10. Rangi 50,000, skimingi (unga wa kulainisha ukuta) na praima 45,000, fundi rangi siku mbili 60,000. Hiyo ni 155,000.

Ongeza soketi mbili na fundi umeme, 46,000, na usafi pamoja na dawa, 40,000. Jumla 417,000.

Angalia tena hiyo 155,000 ya rangi, kwa sababu ndiyo pesa ambayo watu wa miji hii wanailipa mara mbili. Ukuta unapakwa ukiwa bado na maji tumboni, baada ya mwezi rangi inavimba malengelenge na kubanduka, na fundi anaitwa tena. Saruji haijawahi kumfilisi mtu kwenye kazi hizi. Haraka ndiyo inayofilisi.

Mbona jirani yangu alimaliza kwa laki moja na mimi naambiwa milioni?

Mambo mawili: maji yalikuwa ya aina gani, na yalikaa muda gani.

Maji ya bomba lililopasuka au simtanki lililofurika ni safi. Ukiyatoa siku hiyohiyo, mengi yanaokolewa, hata zulia. Maji ya mashine ya kufulia, ya bafuni au ya sinki yana sabuni na uchafu, hayo unayatoa na kuosha kwa dawa. Maji ya karo, au ya mafuriko yaliyopita mtaani, ni machafu moja kwa moja hata yakionekana meupe, maana njiani yamepita kwenye vyoo, mazizi na mitaro ya watu. Yakigusa jipsamu, sponji au mbao za kushindiliwa kama MDF na chipubodi, vitu hivyo vinatupwa. Hakuna cha kuanika juani.

Muda nao ni bei. Ukungu unaweza kuanza ndani ya saa 24 hadi 48 mahali penye joto na unyevu. Na maji safi yakilala siku tatu kwenye zulia si safi tena. Pengine jirani yako alikuwa nyumbani bomba lilipopasuka saa nne asubuhi, nawe ulikuwa umesafiri kwenda msibani.

Dari ya jipsamu imelowa na kushuka tumbo. Nibadilishe dari yote?

Mara nyingi hapana. Kwanza toboa tundu dogo kwa bisibisi katikati ya lile tumbo, ndoo ikiwa chini, maji yashuke kwa utaratibu badala ya kukuangukia na ubao wote. Zima umeme wa chumba kabla ya kufanya hivyo, taa ziko hukohuko juu.

Bodi moja ya jipsamu ni mita 1.2 kwa 2.4. Iliyolegea au kuvimba inakatwa kwenye mbao, inawekwa nyingine. Bodi yenyewe ni elfu 20 na kitu, skrubu, tepu na unga wa viungio elfu 15, fundi elfu 40. Kinachopandisha ni rangi: doa la maji linataka praima ya kuzuia madoa kabla ya rangi, na dari inapakwa yote ili isionyeshe kiraka. Hapo ongeza elfu 60 hadi 80.

Lakini usianze na bodi. Anza na paa. Nenda juu, au mpeleke fundi, tazama misumari ya bati iliyolegea, valei (bonde la paa, pale pande mbili zinapokutana) iliyojaa majani, na pale paa linapokutana na ukuta. Asilimia kubwa ya dari tunazoitwa kuzitazama zina msumari mmoja ulioachia mpira wake. Kurekebisha msumari huo ni kazi ya nusu saa.

Hakuna mvua, hakuna bomba lililopasuka, lakini ukuta una unyevu chini na unatoa unga mweupe.

Ule unga ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia msingi, yanatoka ukutani, yanakauka, chumvi inabaki. Nyumba nyingi za zamani hazina nailoni ya msingi ya kuzuia maji hayo yasipande, au zinayo lakini mwenye nyumba alipojenga baraza akajaza udongo nje hadi juu ya usawa wake, maji yakapata daraja.

Kabla ya kununua rangi yoyote ya kuzuia maji, fanya vitu viwili visivyogharimu kitu. Funga mabomba yote usiku, soma mita, usitumie maji hadi asubuhi, soma tena. Namba ikisogea, una bomba linalovuja baada ya mita, na hilo ni lako kulitengeneza. Linalovuja kabla ya mita ni la mamlaka ya maji, yaani AUWSA kwa Arusha na MUWSA kwa Moshi, wapigie. Mita ikitulia, chukua chepeo ukachimbe nje: udongo ushuke angalau sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu ya ndani, na uwe na mteremko wa kupeleka maji mbali na ukuta. Tumeona kuta zikikauka kwa hilo peke yake.

Rangi ya kuzuia maji ikipakwa ndani inafungia maji ukutani, yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Utaona doa limehamia usawa wa dirisha.

Kukausha kunachukua siku ngapi? Naweza kuwasha jiko la mkaa chumbani liharakishe?

Jiko la mkaa, hapana. Usiku wa Juni wa Arusha kishawishi ni kikubwa, milango imefungwa kwa baridi, jiko linawaka katikati ya chumba. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na inaua watu waliolala. Jenereta na pampu ya petroli pia zibaki nje, mbali na madirisha. Jiko la gesi nalo halikaushi, gesi ikiungua inatoa mvuke wa maji, unaongeza unyevu unaotaka kuuondoa.

Kinachokausha ni hewa inayotembea. Fungua madirisha yanayotazamana, weka feni ipige ukutani kwa mshazari. Feni ya wati 60 ikizunguka saa 24 inakula uniti 1.44. Kwa bei ya matumizi ya kawaida, takriban shilingi 356 kwa uniti, ni mia tano na kitu kwa siku. Bei rahisi kuliko soda. Mashine ya kunyonya unyevu yenye wati 500 ni uniti 12 kwa siku, zaidi ya 4,000, na hiyo inataka madirisha yafungwe, la sivyo utakuwa unakausha mtaa mzima. Kama uko kwenye kundi la matumizi madogo la uniti 75 kwa mwezi, mashine hiyo itakumalizia ndani ya wiki moja tu, kisha bei inapanda.

Siku ngapi? Moshi iko chini na ina joto, kuta hukauka upesi zaidi. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi, na shida yake ni kwamba masika ikiisha haileti jua, inaleta mawingu na baridi ya Juni na Julai. Ukuta wa bloku wa inchi sita uliolowa hadi ndani mwezi wa Aprili, kwa Moshi hesabu wiki kadhaa. Kwa Arusha usishangae ukifika Agosti.

Usikadirie kwa kugusa na kiganja. Kata kipande cha nailoni angavu nusu mita kwa nusu mita, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, kiache siku moja au mbili. Ukikuta matone au mvuke kwa ndani, rangi bado. Tunafanya hivyo sehemu tatu: karibu na sakafu, kwenye kona, na nyuma ya mahali kabati lilipokuwa. Kona ndiyo huwa ya mwisho.

Umeme je?

Kama maji yamefika kwenye soketi, usikanyage maji kwenda kuzima swichi kuu. Kama huifikii ukiwa pakavu, piga simu TANESCO wakate kutoka nje. Soketi na breka zilizozama hubadilishwa, hazikaushwi na kurudishwa. Nyaya zilizo ndani ya mabomba ya ukutani fundi anazipima kwa mita ya insulation, inayoonyesha kama ganda la waya linavujisha umeme, kabla ya kuwasha. Fundi anayesema "washa tu tuone" mwambie arudi kwao.

Nini cha kutupa na nini cha kuokoa?

Godoro la sponji lililoguswa na majitaka au mafuriko: tupa. Inauma, najua bei zake.

Makabati ya MDF na chipubodi yakivimba hayarudi. Mbao halisi, mninga, saiprasi au grevilea, zinarudi ukizikausha kivulini polepole. Ukizitoa juani zinapinda na kupasuka. Droo zilizokwama usizivunje, subiri zikauke zitafunguka zenyewe.

Marumaru za saruji zinavumilia. Gonga kila moja kwa mpini wa bisibisi, inayolia kama iko tupu chini imeachia, na ndiyo utakayokuja kuikanyaga ikivunjika.

Kwa kuosha: tope kwanza kwa sabuni na maji, ndipo dawa. Robo lita ya dawa ya klorini ya kufulia kwenye ndoo ya lita 20 inatosha kwa sakafu na kuta. Usiichanganye kamwe na asidi ya chooni, inatoa gesi ya sumu.

Karo limefurika likarudi bafuni. Gari la majitaka litatatua?

Litakupa nafuu. Jiandae na elfu 80 hadi laki na nusu kwa safari, kutegemea ukubwa wa gari na umbali. Lakini kama karo linajaa tena wiki mbili baadaye wakati wa masika, tatizo ni shimo la kunyonya kushiba, au gata zako zinamwaga maji ya mvua ndani ya karo. Hilo la pili ni la kawaida mno na ni kosa la aliyejenga. Yatenganishe.

Tanki la ardhini limeingiwa na maji ya mafuriko. Nilimwage lote?

Usilimwage wakati ardhi imeshiba maji pande zote. Tanki tupu linaweza kuinuliwa au kupasuliwa na msukumo wa nje, na hapo unazungumzia mamilioni. Acha kuyatumia, subiri maji ya ardhini yashuke, kisha litolewe maji, lisafishwe na kutiwa klorini. Katikati ya hapo nunua maji ya boza na uyaweke kwenye simtanki la juu.

Bima inalipa?

Soma mkataba, si kipeperushi. Bima ya moto ya kawaida haibebi mafuriko wala kupasuka kwa mabomba mpaka vipengele hivyo viongezwe. Wengi waliojenga kwa mkopo wa benki wana bima ya moto na hawajui kama ina nyongeza hizo. Uvujaji wa polepole wa miaka mitatu karibu kila kampuni inaukataa, inauita uchakavu.

Kuna mtego mwingine. Nyumba ya thamani ya milioni 80 ukiikatia bima ya milioni 40, hasara ikiwa milioni 4 unaweza kulipwa 2 tu, kwa sababu ulijikatia nusu. Toa pia kile kiasi cha kwanza unachobeba mwenyewe.

Piga picha kabla ya kuzoa chochote, pamoja na alama ya maji ukutani na futi ya kupimia ikiwa imesimama pembeni yake. Toa taarifa kwa kampuni mara moja, tunza risiti za EFD. Wakikukatalia bila sababu ya maana, malalamiko yanapelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Mimi ni mpangaji. Mama mwenye nyumba anasema nitengeneze mwenyewe.

Mkataba wenu unasemaje? Usiposema vingine, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamwachia mpangishaji paa, kuta kuu na mifereji mikuu pale anapopangisha sehemu ya jengo. Vitu vyako vya ndani ni vyako. Kama wewe ndiye uliyeacha bomba wazi maji yakiwa yamekatika, ukaenda kazini, hapo usimtwishe mama wa watu.

Njia inayofanya kazi mtaani: leta makadirio ya maandishi ya mafundi wawili, mkubaliane atengeneze yeye, au utengeneze wewe mkate kwenye kodi. Muandike na wote mtie saini. Mkishindwana, mwenyekiti wa mtaa awe shahidi.

Fundi anataka hela yote mbele.

Usitoe. Nunua vifaa mwenyewe, au nenda naye dukani, na ufundi ulipe kwa hatua: sehemu akimaliza kubomoa na kusafisha, sehemu lipu ikikamilika, iliyobaki baada ya rangi. Ukipewa bei, uliza kama ni ufundi peke yake au ufundi na vifaa, na nani anazoa kifusi, maana kifusi ndicho kinacholeta ugomvi. Kampuni iliyosajiliwa VAT itaiongeza, kwa kawaida asilimia 18, ulizia mapema kama imo. Na wiki mbili za kwanza baada ya mvua kubwa bei za mafundi hupanda. Kwa vile ukuta wako hauwezi kupigwa lipu wiki hizo hata ukitaka, huna sababu ya kuzilipa.

Nyumba iko kando ya mto na kila mwaka inaingia maji. Nitengeneze tena?

Themi na Naura zinashuka kutoka Meru, Karanga na Rau kutoka Kilimanjaro. Mvua ikipiga juu mlimani, wewe wa chini, wa Pasua au Mabogini, unaweza kuwa unaona jua huku maji yanakuja. Kwa nyumba ya namna hiyo tunashauri usirudishe jipsamu wala MDF chumba cha chini. Weka marumaru ukutani hadi mita moja, makabati ya saruji, na soketi zipande hadi mita 1.2. Ni ghali mara moja tu.

Ujue pia kwamba Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kama uko ndani ya mita hizo, kabla ya kumwaga milioni nyingine nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri ukaulize hali ya kiwanja chako.

Nyumba ya tofali mbichi za udongo ni suala jingine. Ikilowa chini inapoteza nguvu, na inaweza kuanguka siku mbili baada ya maji kuondoka. Msilale humo hadi fundi mzoefu aikague.

Nikitaka kutumia pesa kidogo kuzuia, nianze wapi?

Gata. Paa la mita za mraba 120, mvua ya milimita 50, ni lita 6,000. Simtanki sita za lita elfu, zote zinamwagwa mguuni mwa kuta zako jioni moja. Gata zenye bomba la kushusha na mtaro wa kuyatoa kiwanjani, kisha kusafisha majani kila Februari na Septemba. Miti ya grevilea iliyo karibu na paa ipunguzwe.

Kipaimara cha mtoto ni Jumamosi na ukuta wa sebuleni umebanduka. Nipake tu?

Paka dari na nusu ya juu ya kuta, ile iliyofaulu kipimo cha nailoni. Chini kwangua kila kilicholegea, piga brashi, acha saruji wazi ipumue, sogeza makochi mbele lakini yaache nafasi ya kiganja ukutani. Wageni watatazama pilau. Skimingi na rangi ya chini utamalizia nailoni ikitoka kavu.